Kozi ya mseto isiyofia wiki ya nne: mwongozo kwa mhadhiri

Kozi nyingi za mseto, zile zenye sehemu darasani na sehemu mtandaoni, huanza kwa shangwe. Wiki ya kwanza karibu kila mwanafunzi anaingia kwenye Moodle (mfumo wa kozi za mtandaoni), anabadilisha nywila, anaweka picha. Wiki ya nne wanaoingia ni walewale wa mstari wa mbele. Waliobaki wanasubiri madesa, yaani notsi, yarushwe kwenye grupu la WhatsApp. Mhadhiri naye analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana ari. Mara nyingi ari walikuja nayo, kozi ndiyo iliyoiua, na iliiua mahali pamoja tu: walifanya kazi ya mtandaoni, wakaja darasani, wakakuta mhadhiri anafundisha kana kwamba hakuna aliyefanya chochote. Mwanafunzi akitendewa hivyo mara mbili, ya tatu hafanyi. Achome bando lake kwa faida gani?

Mwongozo huu ni wa mhadhiri wa chuo cha Tanzania mwenye darasa la wanafunzi kama 150. Mfano tutakaoufuata ni kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, kwa sababu ndiyo inayowapeleka wengi kwenye sapu, mtihani wa marudio. Aliyeko Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi, mengine yanabaki vilevile.

Jambo moja la nadharia, kisha twende kwenye kazi. Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan wamefanya kazi tangu miaka ya 1970 kueleza kinachomfanya mtu aendelee na jambo bila kusukumwa. Wanataja mahitaji matatu: kujiona ana uamuzi juu ya anachofanya, kujiona anaweza na anapiga hatua, na kujiona yuko pamoja na watu wanaomjali. Kila kitufe unachobonyeza kwenye Moodle kinalisha mojawapo ya hayo au kinalinyima. Alama na vitisho vinasukuma pia, lakini kwa siku chache.

Anza na saa, usianze na programu

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikijumuisha darasani, kusoma na kila kitu. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki, na hicho ndicho kibubu chako. Kwa kozi yetu ya takwimu mgawanyo unaofanya kazi ni huu: kipindi cha darasani saa 2, semina saa 1, video na kusoma saa moja na nusu, kwizi nusu saa, kazi ya kikundi na mazoezi saa 2, kurudia mwenyewe saa 1.

Kosa linalojitokeza kuliko yote ni kuongeza bila kupunguza. Mihadhara inabaki saa zilezile za zamani, juu yake inapandishwa video, kwizi na jukwaa la majadiliano. Mwanafunzi anajikuta na kozi moja na nusu kwa krediti za kozi moja. Akiwa na kozi tano za namna hiyo, atafanya zile zenye alama zinazomuuma na kutupa nyingine. Kwa hiyo, kabla ratiba ya muhula haijapangwa, mwandikie mkuu wa idara kwamba saa moja ya mhadhara inahamia mtandaoni, ukumbi urudishwe. Ukisubiri ratiba itoke, utaambiwa ukumbi tayari una jina lako, na utajikuta unaingia kufundisha ili usionekane mtoro.

Hesabu hii ina uzito hata kwenye utafiti. Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa ripoti iliyokusanya tafiti nyingi, na masomo ya mseto yalionekana kuyapita ya darasani pekee. Lakini waandishi wenyewe walitahadharisha: makundi ya mseto mara nyingi yalipewa muda zaidi na nyenzo zaidi. Anayekuuzia mfumo kwa kutaja matokeo hayo hakuambii sehemu ya pili.

Kila faili lina bei

Fanya hesabu ya bando kabla ya kurekodi chochote. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde hula KB 240 kwa dakika, yaani MB 2.4 kwa dakika kumi. Video ya slaidi iliyobanwa hadi kilobiti 300 kwa sekunde hula takribani MB 2.25 kwa dakika, hivyo dakika sita ni MB 13.5. Video uliyojirekodi kwa simu ukiwa umesimama mbele ya ubao, kwa ubora wa 1080p, inaweza kuwa MB 60 hadi 130 kwa kila dakika kabla ya kubanwa. Na mkutano wa moja kwa moja wa saa moja wenye picha huweza kumla mwanafunzi MB 500 hadi zaidi ya GB 1.

Jiwekee kikomo cha MB 50 kwa wiki kwa kozi yako, na kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kozi ili wanafunzi wakushikie. Kwa wiki 15 hiyo ni MB 750. Ukizidisha kikomo, mwanafunzi aliyepanga mtaani, ambaye bumu (pesa ya mkopo wa masomo) limechelewa, ndiye wa kwanza kuachwa. Yeye hatakuambia. Ataonekana tu kama asiyejituma.

Kuandaa video moja hufuata hatua hizi:

1. Andika kwanza sentensi moja: mwanafunzi akimaliza video hii aweze kufanya nini? Ukiandika mbili, ni video mbili.

2. Tengeneza slaidi zisizozidi nane, herufi za ukubwa wa 28 kwenda juu. Zitatazamwa kwenye simu ya inchi sita, si kwenye ukuta wa ukumbi.

3. Rekodi sauti chumbani kwenye mapazia na godoro, si ofisini kwenye kuta tupu zinazorudisha mwangwi. Simu iwe shibiri moja na mdomo, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge, na uizime mtandao. Mtazamaji huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya humkimbiza.

4. Kata kwenye dakika sita. Philip Guo na wenzake mwaka 2014 walichunguza utazamaji milioni 6.9 wa video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta muda wa kawaida ambao watu hubaki wakitazama hauzidi dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Somo la dakika 18 ni video tatu zenye majina matatu.

5. Bana kwa HandBrake, programu ya bure. Chagua H.264, mfumo wa kubana video, maana simu za zamani huishindwa mifumo mipya. Ukubwa wa picha 854 kwa 480. Fremu 10 kwa sekunde, kwa sababu slaidi hazikimbii. Kiwango cha ubora kati ya 26 na 28. Sauti ya njia moja, kilobiti 48. Slaidi tulivu kwa mpangilio huu mara nyingi hushuka chini ya MB 2 kwa dakika.

6. Weka kando yake PDF ya kurasa mbili isiyozidi MB 1, na sauti pekee kama faili la tatu. Yupo atakayeisikiliza kwenye daladala.

7. Ifungue mwenyewe kwa simu ya bei ndogo ukitumia data, si Wi-Fi ya ofisi.

Mafaili yanayokwama hapa ni yaleyale. PDF ya kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hufika MB 40, na kwenye simu haisomeki. Faili la PowerPoint hufunguka likiwa limevurugika, kwa hiyo ligeuze PDF. Moodle ikikataa faili lako, angalia kikomo cha ukubwa: mpangilio wa kawaida wa PHP, lugha ya programu inayoendesha Moodle, kwenye seva ni MB 2 tu, na msimamizi wa mfumo ndiye mwenye uwezo wa kuupandisha. Mpelekee ombi wiki mbili kabla ya muhula. Siku ya kwanza ya muhula hapokei simu.

Kiungo kati ya mtandao na darasa

Hapa ndipo kozi inaposimama au kuanguka. Kanuni ni moja: kila ulichoweka mtandaoni kiguswe darasani ndani ya siku chache, kwa namna ambayo aliyekifanya anaona faida yake mbele ya wenzake.

Tuseme darasa lako ni Jumatano saa 4 asubuhi. Nyenzo zifunguke Ijumaa saa 8 mchana, wanafunzi wangali chuoni, wazipakue kwa Wi-Fi kabla ya kutawanyika. Kwizi ifungwe Jumanne saa 4 usiku. Usiandike kamwe "Jumanne saa 6 usiku": nusu ya darasa itaelewa usiku wa kuamkia Jumanne, nusu usiku wa kuamkia Jumatano, na mfumo wenyewe utaandika 00:00 ya siku nyingine kabisa. Jumatano asubuhi tenga dakika 20, fungua ripoti ya kwizi, tafuta maswali mawili yaliyowaangusha wengi. Hayo ndiyo mpango wako wa kipindi.

Ukiingia, usifundishe video upya. Weka swali ubaoni, useme wazi: "Swali la tatu, watu 71 kati ya 138 walichagua jibu hili. Zungumza na jirani yako dakika mbili, mniambie walifikiri nini." Wanyooshe mikono kwa jibu jipya. Kisha mmoja aliyebadilisha mawazo aeleze kwa nini amebadilisha. Baada ya hapo gawa tatizo gumu zaidi, lifanywe kwa vikundi ukipita kati yao. Saa mbili zitaisha hamjachoka.

Ambaye hakutazama video atapotea dakika kumi za kwanza. Mwache apotee kidogo. Ukianza kurudia somo kwa huruma yake, umewaadhibu 100 waliojiandaa na umewafundisha kwamba kujiandaa ni ujinga. Mpe PDF ya kurasa mbili aisome huku wenzake wanajadiliana, inatosha.

Tegemea manung'uniko. Wanafunzi waliozoea kuandika anachosema mhadhiri wataona "hafundishi". Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake uliofanyika Harvard kwenye fizikia na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta jambo la kushangaza kidogo: waliojifunza kwa kufanya darasani walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kuhangaika kunahisi kama kushindwa. Kwa hiyo waambie hili wiki ya kwanza, kisha warudishie wiki ya tano kwa matokeo yao wenyewe: alama za swali lilelile kabla na baada ya kulijadili.

Kwizi: hapa ndipo mwanafunzi hujiona anaweza

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba aliyejipima baada ya kusoma hukumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko aliyesoma tena na tena. Kwa hiyo kwizi ya kila wiki ni sehemu ya kujifunza, na ipangwe hivyo. Maswali 5 hadi 8. Majaribio matatu, ichukuliwe alama ya juu kabisa. Kila swali liwe na ndugu zake wawili kwenye benki ya maswali, Moodle ichague kwa kubahatisha, la sivyo jaribio la pili ni kukumbuka herufi tu. Kwizi zote kwa pamoja zibebe asilimia 10 ya alama za kozi, zihesabiwe kumi bora kati ya 13. Zile tatu za kuangusha ndizo zinazookoa ari ya aliyeumwa, aliyefiwa, au aliyekatikiwa umeme mtaa mzima.

Sasa mpangilio ambao wengi hawaujui. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kwizi ifanywe bila mtandao: mwanafunzi anaipakua akiwa na mtandao, anajibu popote, majibu yanapanda akirudi hewani. Ili iwezekane lazima uruhusu hilo kwenye mipangilio ya kwizi, usiweke kikomo cha dakika, na mrejesho uwe wa kutolewa baada ya kumaliza kwizi nzima, si swali kwa swali. Ukiweka saa inayohesabu kurudi nyuma, uwezekano huo unafungwa. Wakumbushe pia kwamba majibu yapande kabla ya muda wa kufunga. Simu iliyoyabeba bila mtandao hadi Jumatano haimsaidii mtu.

Utauliza: bila kikomo cha dakika si watadesa, yaani kunakili majibu? Watadesa wachache. Kwa kwizi moja yenye asilimia moja ya kozi, wanachoiba hakinunui kitu, na mtihani wa ukumbini utawasubiri. Weka ulinzi kwenye mtihani wenye uzito.

Ubora wa kwizi unakaa kwenye majibu yasiyo sahihi. Tazama swali hili la takwimu:

Dereva wa bodaboda alipata kwa siku tano: shilingi 19,000, 12,000, 90,000, 14,000 na 15,000. Ile siku ya 90,000 alikodiwa kwenye harusi. Ndugu yake anataka kuanza kazi hiyohiyo. Kiasi gani kinamwonyesha vizuri zaidi siku ya kawaida? (a) 30,000 (b) 90,000 (c) 51,000 (d) 15,000.

Jibu ni (d), namba ya katikati baada ya kuzipanga. Lakini kila kosa lina historia yake, na mrejesho uiseme. Aliyechagua (a): "Umejumlisha 150,000 ukagawa kwa tano, hesabu ni sahihi. Ila siku ngapi kati ya tano alifika 30,000? Rudia video ya pili, dakika ya tatu." Aliyechagua (b): "Umechukua iliyo katikati kama zilivyoandikwa. Zipange kwanza kuanzia ndogo." Aliyechagua (c): "Umechukua ndogo kabisa na kubwa kabisa ukagawa kwa mbili. Harusi imekuvuta." Mwanafunzi anayeandikiwa hivi saa 3 usiku chumbani kwake anaona kuna mtu anayejua anavyofikiri. Anayeandikiwa "Si sahihi, jaribu tena" anaona mashine. Kuandika mrejesho wa swali moja huchukua kama dakika 15, na benki ya maswali inabaki nawe miaka mingi.

WhatsApp na jukwaa la majadiliano

Usipigane na WhatsApp, utashindwa. Gawa kazi. WhatsApp ni ya matangazo na dharura: ukumbi umebadilika, kwizi imefunguka, umeme umekatika. Chochote kitakachohitajika wiki tatu baadaye kikae Moodle, na WhatsApp ipelekwe kiungo tu. Sababu ni za kawaida: ujumbe huzikwa na salamu na vibonzo, simu huibiwa, na aliyejisajili amechelewa haoni yaliyopita. CR, mwakilishi wa darasa, awe ndiye anayepeleka kiungo, lakini asiwe ndiye anayeamua maana ya tangazo. Magrupu mengi yamewahi kuambiwa "dokta amesema haipo kwenye mtihani" na dokta hakusema.

Grupu la matangazo liwe la viongozi pekee kuandika. Grupu la watu 150 linaanika namba ya kila mtu, na wanafunzi wa kike ndio huanza kupokea ujumbe wasioutaka. Asiyependa kuingia asilazimishwe, matangazo yaleyale yawekwe Moodle.

Majadiliano yenyewe yagawe vikundi vya watu sita: kwa 150 ni vikundi 25. Panga wewe, changanya wa hosteli na wa mtaani, na hakikisha kila kikundi kina angalau kompyuta mpakato moja. Ukiwaachia wajipange, wenye vifaa hukaa pamoja. Kwenye Moodle tumia jukwaa la aina ya maswali na majibu, lile ambalo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike lake. Bila hivyo mmoja ataandika na watano watasema "nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia".

Swali baya la jukwaa ni "Jadili umuhimu wa takwimu katika maisha". Zuri ni: "Leta namba moja uliyoiona wiki hii gazetini, dukani au zahanati. Ni wastani, asilimia au idadi? Nani aliihesabu, na nani hakuhesabiwa?" Hilo la pili halinakiliki, na kila mtu ana lake.

Usijaribu kujibu watu 150. Jibu vikundi vitano kila wiki kwa zamu, ndani ya saa 48 baada ya mjadala kufungwa, ukitaja kitu kimoja kilichoandikwa na mtu fulani. Kwa wiki tano umewafikia wote 25. Kisha lete mchango mmoja darasani Jumatano, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ni kile kiungo kati ya mtandao na darasa tena.

Wiki ya tatu: wafuate walionyamaza

Fungua orodha ya washiriki, ipange kwa tarehe ya mwisho kuingia. Wote ambao hawajaingia siku 7 waandikie mmoja mmoja. Tangazo la jumla la kuwakemea huwapata wanaoingia, ambao hawana kosa. Ujumbe uwe mfupi:

"Habari za leo. Nimeona hujaingia kwenye kozi tangu Jumatatu iliyopita. Kwizi mbili bado ziko wazi kwako. Kuna kinachokwamisha: simu, bando, usajili, au somo lenyewe? Nijibu kwa neno moja tu."

Neno moja linajibika. "Shikamoo dokta, bando." "Shikamoo, simu imeibiwa." Kwa kila neno uwe na la kufanya tayari. Bando: mwelekeze maabara ya kompyuta na saa zake, na mpe nyenzo zote za muhula kwenye flashi. Simu: aunganishwe na mwenzake wa kikundi, ajibu kwizi kwenye karatasi wakati wa semina. Usajili uliokwama kwa sababu ya ada: kama mfumo haumtambui, mpatie PDF na kwizi za karatasi huku ofisi ikishughulika, kwa sababu akikaa nje wiki tano hatarudi. Somo: mwite ofisini na mwenzake, dakika 15. Na wapo ambao hawatajibu kabisa. Waandikie mara ya pili wiki ya tano, kisha mshirikishe mshauri wa wanafunzi.

Uhuru mdogo unaotosha

Hitaji lile la kuwa na uamuzi halidai mwanafunzi achague kila kitu. Vitu viwili vinatosha. Kwanza, data ya kazi ya mwisho aichague mwenyewe: bei za nyanya soko la karibu, muda wa kusubiri daladala, matokeo ya timu yake. Weka sharti la namba zisizopungua 30 na picha ya daftari alilokusanyia. Pili, kila mmoja apewe tiketi mbili za kuchelewa, saa 48 kila moja, bila kueleza sababu. Hutasikiliza tena hadithi za misiba ya kubuni, na mwenye msiba wa kweli hatalazimika kuuthibitisha.

Vitu vya kuacha

Jedwali la washindi lenye majina: linawatia moyo watano wa juu na kuwaambia 145 waliobaki kwamba wao si wa hapa. Ukitaka kuonyesha maendeleo, tumia alama ya kukamilisha ya Moodle ambayo kila mtu anaona yake.

Kuhesabu mahudhurio kwa kubofya: mmoja atabofyea kumi.

Kufungia nyenzo kwa masharti marefu, kwamba hufungui ya tatu mpaka upate asilimia 80 kwenye ya pili. Inaonekana nadhifu kwako. Kwa aliyeachwa nyuma wiki mbili ni mlango uliofungwa, na ataondoka.

Vipindi vya moja kwa moja vya saa mbili kwa video. Kama lazima, fanya dakika 40 za maswali tu, kamera zizimwe, sauti irekodiwe na kuwekwa Moodle kesho yake.

Programu zinazodai kugundua maandishi ya akili mnemba: hukosea, na humtuhumu asiye na hatia. Ukitilia shaka kazi, mwite mwanafunzi akueleze namba zake kwa dakika tano. Aliyekusanya data sokoni anakumbuka hata jina la muuzaji.

Wiki ya sita, waulize

Karatasi moja, bila majina, dakika tano za mwisho za kipindi. Maswali matatu: Ni kitu gani kwenye kozi hii kinakusaidia kuelewa? Ni kitu gani kinakula muda au bando bila faida? Wiki iliyopita ulitumia saa ngapi nje ya darasa kwenye kozi hii? La tatu ndilo linalopuuzwa, nalo linakuambia kama kile kibubu cha saa 8 kimepasuka. Toa saa 3 za darasani na semina; zilizobaki ni 5. Wengi wakiandika 7 au 8, punguza, na anza na jukwaa: lifanye kila wiki mbili. Wakiandika 2, kuna kitu hawakifanyi, na ripoti ya Moodle itakuonyesha ni video au ni mazoezi.

Karatasi 150 husomeka kwa saa moja ukiweka alama za vijiti kwenye safu nne: video, kwizi, jukwaa, darasa. Jumatano inayofuata chukua dakika tatu, soma matokeo ubaoni, taja kitu kimoja unachobadilisha kuanzia wiki hiyo na kimoja usichobadilisha pamoja na sababu yake. Kilichobadilishwa kibadilishe kwenye Moodle kabla hujaingia darasani, maana kuna watakaofungua simu palepale kuangalia.